Jina la Kahindi kwa Herufi za Kauboi

Changamwe,
4 Novemba 1946

Dada Kafedha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima huko Muheza, pamoja na shemeji Randu na mtoto. Sisi ndugu zako wawili hatujambo, ila mvua za vuli zimeanza na paa lavuja pale pale penye kitanda cha Kahindi. Nimemwambia akisogeze, asema yeye ndiye aliyetangulia, mvua ndiyo ipishe. Unamjua mdogo wetu.

Kazini kuna jipya. Bwana Barakat, mwenye duka letu la kupiga chapa, amepokea sanduku kutoka Amerika, limejaa herufi za mbao. Si kama hizi za madini ya risasi nizipangazo kila siku, ambazo hata tano zaenea kwenye ukucha. Hizi moja yapata shibiri nzima. Ni nene, zina miguu mipana kama kwato, na kiunoni zimetokeza miiba huku na huku. Ukizipiga chapa neno moja tu, ukuta mzima wapiga kelele. Twazitumia kwa matangazo ya sinema za kauboi, na watu wamezizoea hata wasiojua kusoma. Wakiziona kwa mbali wanajua kuna bastola na farasi na watu wa kufa, basi waja mbio. Wenyewe waziita herufi za kauboi. Anayezipanga ni mimi, yule uliyemfundisha kusoma kwa mkaa ukutani baada ya mama kutuacha.

Lililonifanya niandike ni hili. Yuko nyapara wa vibarua anaitwa Nguma, mwenyeji wa Bofu, Likoni. Mwezi uliopita Kahindi alisimama kunywa maji kazini kwao, Nguma akampiga mkononi kwa chuma. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kimevunjika, mganga amekifunga lakini kimeunga vibaya, kimepinda. Kahindi aona haya, mkono hautoi mfukoni, hata majirani hawajui. Siku ile alirudi akachukua panga akaketi kizingitini akalinoa. Nikamkalia, wallahi kama wasemavyo wenzetu, nilimkalia kifuani.

"Ukimuua utanyongwa," nikamwambia.

"Na nisipomuua?" akauliza. "Kesho atachukua kidole gani?"

Panga nimelificha. Muandikie, dada. Wewe akusikia.

Ndugu yako,
Mwarandu wa Tsofa


Muheza,
1 Desemba 1946

Mwarandu mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ililala stesheni siku kumi, karani ameifungua na kuifunga kwa uji, nami sikumsemesha. Sisi tu wazima. Mtoto aota meno, halali wala halazi mtu. Randu alishikwa na homa, sasa anapima mkonge kama kawaida. Juzi mkata mkonge mmoja alimkata mwenziwe sikio, chanzo ni mstari wa miti uliokuwa karibu na kivuli. Nililisafisha jeraha mimi, sikio lenyewe mbwa amelichukua.

Nimefurahi kwa kazi yako. Hizo herufi ningependa kuziona.

Kahindi nimemuandikia. Lakini na wewe nikuambie. Hasira ya Kahindi ni moto wa makuti. Wawaka juu, kila mtu auona, kisha wazimika. Ya kwako ni moto wa makumbi ya nazi, haina mwali, wala mtu haioni mpaka nyumba imeanguka. Wakumbuka mbwa wa jirani kule Ribe, aliyemng'ata Kahindi mguu? Ulimpiga kwa mchi mpaka akafa. Alipokwisha kufa ukaendelea, hata baba akakuondoa kwa nguvu. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Sijasahau uso wako siku ile.

Kwa hiyo nakukabidhi Kahindi, na wewe mwenyewe nakukabidhi kwako. Ondokeni mtaa huo mkiweza.

Dada yenu,
Kafedha


Changamwe,
30 Januari 1947

Dada Kafedha,

Shikamoo. Wahali gani nyote? Nimechelewa. Kwanza posta ilisimama, kisha ilipofunguka niliikalia karatasi hii siku nne.

Habari ya mgomo umeipata huko bila shaka. Bandari, reli, mahoteli, vyote vililala. Bwana Barakat akafunga duka, tukakaa nyumbani. Siku ya nne, asubuhi, Nguma alikuja mtaani na wanaume sita wenye marungu kuwatoa watu wakafanye kazi. Jirani yetu wa kwanza walimvunja taya mbele ya mkewe. Wagomaji wakaanza kurusha mawe, ikawa vita pale njiani, na katika fujo ile Nguma akaingia uani kwetu.

Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia kelele. Nilipotoka, Nguma alikuwa chini, kichwa kimepasuka, Kahindi hayupo. Watu walimwona akikimbilia mikokoni, shati limelowa damu. Nguma hakufika hospitali.

Pigo sikuliona. Nakuandikia nililoliona.

Polisi wamenihoji mara mbili. Mtaa mzima wajua habari ya Kahindi na Nguma, basi hawakuhitaji kuuliza sana. Kama ametokea huko, nijulishe. Kama hajatokea, tumuombee.

Ndugu yako,
Mwarandu


Muheza,
22 Februari 1947

Mwarandu,

Marahaba. Huku tu wazima. Mtoto amesimama dede. Kazi ya mkonge ni nyingi, Randu amepata mkata mkonge mpya, kijana mtulivu aitwaye Faki, naye hunisaidia kuchota maji.

Habari ya Kahindi imeniumiza. Hapa hajafika.

Nikuulize, nami ni dada yako. Ua wenu naujua, kutoka mlangoni mpaka ukutani ni hatua nane. Mtu apasuliwe kichwa ndani ya hatua nane, wewe usione? Na ule mtaimbo wa baba, uliokuwa nyuma ya mlango, uko wapi sasa?

Lolote lililokuwa, liandike. Hata likiwa baya kiasi gani, nataka niupate kwako, kwa mkono wako, ukweli huo, nisiusikie kwa mwingine. Sitapiga kelele. Nangoja barua.

Kafedha


Changamwe,
14 Machi 1947

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mtoto asimama. Mimi afya yangu si nzuri. Shemeji zake Nguma walinivizia nikitoka kazini, wanne, wakanipiga kwa magongo mpaka nikakojoa damu siku tatu. Sikio la kushoto halisikii tena. Walitaka kujua Kahindi yuko wapi. Niliwaambia sijui, nao wakanipiga kwa kutojua.

Kuuliza kwako habari ya mtaimbo kumenichanganya. Vitu vingi vilipotea siku ile.

Polisi wametoa tangazo la kumtafuta. Limepigwa chapa kwetu, kazi ni kazi. Limebandikwa hapa stesheni, kivukoni Likoni, sokoni Kisauni, na madereva wa malori wamepewa wakaligawe njiani mpaka Vanga na Tanga. Limepigwa kwa zile herufi za kauboi. Watu walikusanyika wakidhani ni sinema mpya. Mtu mmoja aliniuliza, akicheka, huyo Kahindi aonyeshwa lini. Sitaki kusema zaidi juu ya jambo hilo.

Dada, kama wewe wamjua mtu amjuaye Kahindi, huyo mtu amwambie asikae Tanga. Aende Lindi, aende mbali zaidi. Upesi.

Mwarandu


Muheza,
8 Aprili 1947

Mwarandu,

Kahindi amekufa. Tulimzika siku ya Pasaka.

Alifika kwangu tangu Januari, siku ya sita baada ya kutoroka, miguu imechanika kwa mikoko na mawe. Faki ndiye yeye. Barua yako ya mwisho ilinifikia Jumatano, nikamwambia, "Ondoka leo." Akasema angoje Jumamosi apokee ujira, apate cha njiani.

Jumamosi watu wote wa shamba walikuwa sokoni. Dukani kwa Yeslam, karibu na stesheni, dereva wa lori alikuwa amebandika tangazo asubuhi ile. Nililiona kabla ya kufika. Nililiona kutoka ng'ambo ya reli, Mwarandu, mahali ambapo singeweza kusoma hata kichwa cha gazeti. ANATAFUTWA. KAHINDI TSOFA. Herufi zile zenye miiba. Nilitaka kuziona, nimeziona.

Jina hawakulijua. Lakini chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno ya kidole. Kidole kidogo cha mkono wa kulia, kimepinda. Yeslam akawasomea kwa sauti, na mkata mkonge mmoja akasema, "Faki ana kidole hicho. Ndiyo sababu kisu akishika vibaya." Kisha wakasomewa palipoandikwa zawadi.

Kahindi alikimbia. Aliingia katikati ya nyaya za kuanikia mkonge, mkonge mweupe umetanda kama nguo, nao wakamfuata na visu vya kazi. Wakamkata miguu kwanza ili asikimbie. Alipoanguka wakaanza mawe. Hawakuwa na haja ya kumuua, zawadi ilikuwa ya mtu hai, lakini mkono wa kwanza ukishapiga wa pili haufikiri. Nililala juu yake. Kisu kimoja kimenifungua mkono kutoka bega hadi kiwiko. Randu alikuja na bunduki ya msimamizi akapiga hewani, wakatawanyika, na wengine walikuwa watu niliowafunga vidonda kwa mikono yangu.

Alikuwa hai bado kidogo. Alisema, "Dada, usimlaumu kaka. Hakukusudia." Akafa kichwa chake pajani kwangu, jua la saa sita.

Basi sasa ujue. Aliniambia yote siku ya kwanza alipofika. Kwamba Nguma alikuwa juu yake akimkaba, na wewe ukatoka na mtaimbo wa baba. Kwamba ulimwambia, "Kimbia, mimi nitasema." Nilijua ni uongo ulipoandika kwamba ulikuwa ndani. Nikakuuliza, nikangoja. Ukaniletea habari za sikio lako.

Nani aliyewaambia polisi habari ya kidole? Ukimtoa mganga, tulioijua ni watatu.

Kafedha


Mahabusu, Mombasa,
5 Mei 1947

Dada Kafedha,

Shikamoo, ingawa hulazimiki kuitikia.

Nilipoisoma barua yako nilivuka kivuko nikaenda Bofu, kwa mjane wa Nguma. Jina lake Nyamvula. Nilimkuta uani anatwanga, nikapiga hodi, nikabaki nimesimama. Nikamwambia, "Kahindi mliyemtafuta amekufa, na si yeye aliyemuua mume wako. Ni mimi."

Aliuinua mchi akanipiga nao. Mfupa wa bega ulilia kama kuni. Nilianguka, akanipiga tena mgongoni, kisha akauweka mchi chini, akaketi, akatweta. Akauliza, "Mume wangu alisema nini mwisho?"

Nikajiinua, nikaketi. Akauliza tena.

Nikamwambia, "Alisema, basi, ndugu yangu, basi."

Yule mama alijifunika uso kwa leso. Baadaye akasema, "Kwangu umeshasema. Sasa nenda ukaseme kwa wenye kufunga." Nikatoka. Hakuwaita nduguze. Wangenimaliza njiani, naye alilijua hilo. Nilikwenda polisi kwa miguu yangu, nao hawakuniamini mpaka nilipowaonyesha nilipoutupa mtaimbo, majini, nyuma ya stesheni, ukaonekana maji yalipokupwa.

Nikujibu sasa, kwa mkono wangu, kama ulivyotaka.

Kahindi alikosea. Yeye aliona pigo la kwanza tu, kisha akakimbia kama nilivyomwambia. Lile la kwanza kweli sikukusudia, nililenga bega la Nguma ili amwachie Kahindi, mtoto wa mama. Akamwachia. Akaanguka kwa magoti, damu ikimwingia machoni, akaniinulia mikono na kusema maneno yale. Hapo Kahindi alikwisha ruka ukuta. Hapakuwa na mtu wa kuokolewa tena. Nikampiga la pili, na la tatu. Hayo nilikusudia. Ulinijua kuliko ninavyojijua.

Nilitaka kusema siku ile ile. Nilikuwa nimefungua mdomo, na askari akasema, "Tunajua ni nduguyo, tumeshaambiwa na mtaa." Nikaufunga mdomo. Nilijiambia Kahindi yuko mbali, jina halimuumi mtu asiyeonekana. Kila siku iliyopita mdomo ukawa mzito zaidi.

Kisha inspekta akaleta maneno ya tangazo. Alisema herufi yoyote, mradi isomeke. Bwana Barakat alinivuta kando, akasema, "Mwarandu, huyu ni damu yako. Nenda nyumbani, wallahi nitapanga mwenyewe kwa herufi za risasi, ndogo ndogo." Nilikataa kwenda, dada. Nikalifungua lile sanduku la Amerika. Sanduku lilikuja na A nne tu, Kiingereza hakizili A kama lugha yetu. Nne zote ziliishia kwenye ANATAFUTWA. Jina la Kahindi Tsofa lilitaka mbili nyingine. Nikachukua kipande cha mvule, nikazichonga mimi, na miiba yake, siku nzima, zikatoka nzuri hata Bwana Barakat hakuweza kuzitofautisha. Nilitaka jina lake liwe kubwa kiasi cha kujaza ukuta, mtu akitazama asibakiwe na mahali pa kuniona mimi.

Na kidole nilikitaja mimi. Inspekta aliuliza alama, nikataja kovu, akasema makovu kila mtu anayo. Nikasema kidole.

Ulipouliza habari ya mtaimbo nilijua Kahindi yuko kwako. Ndiyo sababu nikaandika aende Lindi. Ningeweza kuandika neno jingine moja, kidole, naye angeishi. Nililiandika mara tatu, nikalichoma mara tatu.

Kesi itasikizwa mwezi wa Juni, tarehe kumi na nane. Sina wakili, wala sitaki. Sikuombi chochote.

Mwarandu


Muheza,
1 Juni 1947

Mwarandu,

Marahaba.

Mkono wangu umepona lakini vidole viwili havikunji, barua hii nimeiandika kwa siku mbili. Mtoto sasa atembea. Randu amehamishiwa shamba jingine, hatukuweza kukaa pale na watu wale.

Barua yako nimeisoma mara moja, sitaisoma tena, wala sijaichoma. Umeandika huniombi chochote, na afadhali, kwa sababu sina. Sijakusamehe. Pengine nitakufa sijakusamehe, nami nimemwambia Mungu asinihimize. Nikilala namwona Kahindi katikati ya zile nyaya, nikiamka nakuona wewe umeinama na kisu kidogo, wachonga A.

Randu hataki nije. Asema nitaketi vipi pale, mbele ya Nyamvula, upande wa aliyemuua mumewe na ndugu yangu? Nikamwambia sijui nitaketi upande gani. Nitatafuta mahali.

Kahindi nilimuosha, nikamvika, nikamtia mchangani, na wa kwetu nilikuwa peke yangu. Mama alinikabidhi wawili. Mmoja nimeshamzika. Wewe, wakikunyonga au wakikufunga, hakuna atakayesema ulisomewa hukumu bila mtu wa kwenu kuwapo.

Nitafika Mombasa Jumatatu, tarehe kumi na sita. Nimeambiwa jamaa huruhusiwa kuingiza chakula saa nne. Nitaleta wali na samaki wa kupaka. Usinisemeshe, Mwarandu, wala usinishukuru. Kaa ule, mimi nitakutazama mpaka umalize.

Dada yako,
Kafedha